Ufundi wa Kupita Bila Kuumiza

Kutoka kwenye meno ya mbele hadi mahali umio unapoingia tumboni, kwa mtu mzima, pana takriban sentimita 40. Ni safari fupi. Lakini zile sentimita chache za nyuma ya ulimi, ambapo njia ya hewa na njia ya chakula zinagawana mlango, ndizo zinazomtisha kila anayeandikiwa kipimo cha kumeza mpira wenye kamera, na ndizo zinazomtambulisha daktari. Anayejua kazi hupita hapo mgonjwa akameza mara moja, akakunja uso kidogo, basi. Asiyejua husukuma, mgonjwa akakabwa, akajitapisha, akaushika mpira kwa mikono miwili akitaka kuuchomoa, na akirudi nyumbani huwasimulia majirani wote kwamba ni heri abaki na vidonda vyake vya tumbo.

Wengi hukiita kipimo cha mpira, au kumeza kamera. Hospitalini ni endoskopi. Hakina fahari ya upasuaji mkubwa: hakuna kisu kinachoonekana, hakuna mshono, na mara nyingi mgonjwa anakwenda kwake siku hiyohiyo. Pengine ndiyo sababu ufundi wake hausifiwi inavyostahili. Mimi nausifu, na naupima kwa kitu kimoja: yale maumivu ambayo mgonjwa hakuyapata.

Tazama anavyofanya mtu anayeijua kazi. Mgonjwa, tuseme ni mama wa makamo, amelala ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja, kidevu amekiinamishia kifuani. Katikati ya meno amewekewa kipande cha plastiki chenye tundu asije akaung'ata mpira. Dakika chache zilizopita koo lake lilipuliziwa dawa ya ganzi, lignokaini, ambayo ni chungu na humfanya mtu ahisi koo limevimba na mate hayamezeki. Muuguzi alimwambia hayo kabla ya kupuliza, kwa hiyo yalipotokea hakushtuka. Muuguzi huyohuyo sasa amesimama kichwani pake, mkono mmoja begani. "Pumua kwa pua, mama. Taratibu hivyohivyo. Mate yaache yatoke yenyewe."

Daktari anaupitisha mpira juu ya ulimi. Kwenye skrini kinapita kimeo, kisha kidakatonge, kisha nyuzi za sauti, nyeupe, zikifunguka na kujifunga kwa kila pumzi. Mpira hauzigusi. Unapinda nyuma yake, ubavuni kidogo, unafika kwenye mlango wa umio ambao muda mwingi huwa umefungwa, na hapo unasimama. "Haya mama, meza." Mama anameza, msuli unalegea kwa muda mfupi kuliko wa kuhesabu moja, mbili, na ndani ya muda huo mpira umeshaingia. Kule kusimama mlangoni kusubiri mwenye mwili aufungue mwenyewe ndiko ninakokusifu. Nguvu ya kusukuma kila mtu anayo.

Ilichukua karibu miaka mia moja kuufikia ulaini huo. Mwaka 1868, huko Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul alitaka kuliona tumbo la mtu aliye hai, na kwa kuwa alichokuwa nacho ni bomba nyoofu lisilopinda, ilimbidi ampate mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumeza panga mbele ya watazamaji. Bomba liliingia, lakini taa ya siku zile ilikuwa hafifu mno na hakuona cha maana. Mwaka 1932 Rudolf Schindler, akishirikiana na mtengenezaji wa vyombo Georg Wolf, alitoa chombo ambacho sehemu yake ya mbele ilipinda kiasi, ndani yake zimepangwa lenzi fupifupi nyingi ili picha isipotee chombo kinapopinda. Kazi yake ilihitaji watu wawili, yeye kwenye lenzi na mkewe Gabriele kwenye kichwa cha mgonjwa, maana kichwa kikiyumba kidogo tu koo lingeweza kutoboka. Schindler alipoikimbia Ujerumani ya Hitler na kufika Chicago mwaka 1934, alifika na msimamo ambao hakuulegeza: chombo hiki asikishike asiyefunzwa.

Kilichoubadilisha mchezo wote kilitoka Michigan. Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa akihangaika na nyuzi za kioo, akijua kwamba uzi mwembamba wa kioo hupitisha mwanga hata ukipindwa. Shida ni kwamba nyuzi zikifungwa pamoja mwanga huvuja kutoka uzi mmoja kwenda mwingine na picha ikavurugika. Larry Curtiss, kijana ambaye hata shahada ya kwanza alikuwa hajaimaliza, alipata dawa ya tatizo hilo: kila uzi uvalishwe koti la kioo cha aina nyingine, mwanga ubaki ndani. Mwanzoni mwa mwaka 1957 Hirschowitz aliumeza mpira huo yeye mwenyewe kabla ya kumwingizia mgonjwa yeyote. Sijui kama kuna somo zuri zaidi kwa anayeanza kazi hii. Laiti ingekuwa kanuni kila mwanafunzi apuliziwe ganzi ya koo walau mara moja, akae nayo robo saa, ajue anachomwambia mgonjwa anaposema "usiogope."

Mpira wa leo una kichwa kinachokaa kwenye kiganja cha kushoto. Juu yake kuna magurudumu mawili. Kubwa hupandisha na kushusha ncha, dogo huipeleka kushoto na kulia. Vidole viwili hukaa kwenye vitufe, kimoja cha hewa na maji, kingine cha kufyonza. Mkono wa kulia unashika mpira wenyewe, kuupeleka, kuurudisha na kuusokota. Ncha inaweza kupinda zaidi ya nusu duara hata ikajitazama yenyewe, na hivyo ndivyo daktari anavyoiona sehemu ya juu ya tumbo, pale mpira ulipoingilia, ambapo uvimbe hupenda kujificha. Mwanafunzi anapoanza, macho yako kwenye skrini na vidole havijui vilipo. Miezi ikipita, kidole gumba cha kushoto hujifunza kusogea kabla ya mwenyewe kuwaza. Ni kidole hichohicho kinachowauma mabingwa wengi uzeeni, hasa wenye viganja vidogo, kwa sababu vyombo hivi havikuundwa kwa kufikiria mikono ya kila mtu.

Hata hivyo anayetaka kuuona mkono wa fundi asiishie tumboni, aende upande wa utumbo mpana. Utumbo huu hauna njia iliyonyooka. Kuna sehemu zake zilizoshikana na ukuta wa nyuma wa mwili, na kuna sehemu zinazoning'inia huru, na ni huko kwenye kuning'inia mpira unakosumbua. Ukisukumwa tu, hujikunja kitanzi, ukauvuta utumbo na mishikizo yake, na maumivu yanatoka hapo. Ngozi ya ndani ya utumbo haiumi ikikatwa. Daktari anaweza kuchukua kinyama cha kupeleka maabara na mgonjwa aliye macho asijue kama kuna kilichokatwa. Kinachouma ni kunyooshwa, na anayenyoosha ni daktari.

Kwa hiyo fundi anasikiliza kwa kiganja cha kulia. Mpira ukiwa mzito, au akisukuma sentimita kadhaa na picha isisogee, anajua kitanzi kimefanyika. Haongezi nguvu. Anafyonza hewa ili utumbo ujikunje na kufupika, kisha anaurudisha mpira nyuma huku akiusokota upande wa mwendo wa saa. Kitanzi kinanyooka, na utumbo unajikusanya juu ya mpira kama mkono wa kanzu unaopandishwa hadi kwenye kiwiko. Ukitazama skrini wakati huo utaona ncha inakwenda mbele ilhali mkono unavuta nyuma. Pengine atamwomba mgonjwa ageuke alale chali, au muuguzi akandamize tumbo kwa kiganja mahali palepale anapoonyeshwa. Mpira ulionyooka hufika mwanzo wa utumbo mpana, pale unapopokea utumbo mwembamba, ukiwa umeingia sentimita 70 au 80 tu. Wenye vitanzi unaweza kuzama karibu wote na bado hujafika.

Kuna walioongeza ustaarabu juu ya ustaarabu huo. Felix Leung wa California ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba ukiingia kwa maji badala ya hewa, ukiyaweka na kuyafyonza ukienda, utumbo hautanuki sana na mgonjwa asiyepewa dawa yoyote anavumilia vizuri zaidi. Wengine wameacha hewa ya kawaida wakatumia kabonidioksidi, ambayo mwili huifyonza haraka, hivyo mtu hashindi mchana kutwa tumbo limejaa.

Sasa tufike kwenye dawa ya usingizi, ambayo wagonjwa huiulizia kabla ya kitu kingine chochote. Watu wengi wakisikia usingizi huwaza nusu kaputi ya chumba cha upasuaji. Kwa kipimo cha kawaida mara nyingi si hiyo. Midazolamu kidogo kwenye mshipa, miligramu moja au mbili hivi, pengine ikiambatana na dawa ya maumivu kama pethidini au fentanili, humtuliza mtu akabaki anaitika jina lake, na baadaye akasahau mengi ya yaliyopita. Ufundi wa hapa nao ni wa kusubiri. Dawa huchukua dakika kadhaa kufika kikomo cha nguvu yake, na zaidi kwa mzee. Mwenye haraka anatoa dozi, anaona mgonjwa bado anatazama, anaongeza, anaongeza tena, kisha dozi zote tatu zinamfikia mgonjwa kwa pamoja na pumzi inapungua. Mwenye subira huanza na kidogo, hasa kwa mzee na mwenye ugonjwa wa ini, hutazama, huzungumza na mgonjwa, ndipo aongeze. Dawa za kuzima nguvu hizo zipo, flumazenili kwa midazolamu na naloksoni kwa zile za jamii ya mofini, lakini zenyewe huisha mapema, mgonjwa akaweza kusinzia tena chumba cha mapumziko wakati kila mtu anadhani yamekwisha. Kwa sababu hiyo kitanda cha mapumziko kinahitaji muuguzi aliye macho sawa na kitanda cha kipimo.

Propofoli ni habari nyingine. Ni ile dawa nyeupe ya maziwa, iliyotokana na kazi ya Iain Glen, daktari wa mifugo aliyekuwa akitafiti dawa za usingizi katika kampuni ya ICI nchini Uingereza. Humlaza mtu ndani ya dakika moja na kumwamsha mapema, akili safi. Haina dawa ya kuizima, na kati ya usingizi mzito na kuacha kupumua hakuna uzio. Anayeitoa lazima awe mtu aliyefunzwa kushika njia ya hewa, na asiwe na kazi nyingine chumbani. Kipima oksijeni cha kidoleni, kilichotokana na ugunduzi wa Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, kimeokoa maisha mengi, lakini mgonjwa anayepewa oksijeni puani anaweza kuwa ameacha kupumua na namba ya kidoleni ikaendelea kuonekana nzuri kwa muda. Mashine inayopima kabonidioksidi anayoitoa kwa pumzi huonyesha hatari hiyo mapema zaidi. Ningekuwa na fedha ya kununua kimoja kwa chumba kinachotumia propofoli, ningenunua hicho kabla ya skrini kubwa.

Nina msimamo juu ya jambo hili, na nausema bila kuuma maneno. Dawa ya usingizi ni haki ya mgonjwa, haikuletwa kufunika mkono mzito. Mgonjwa aliye macho kidogo akisema "naumia hapo," ameshampa daktari taarifa: kitanzi kimefanyika, rudi nyuma. Mgonjwa aliyelala fofofo hasemi kitu, na mwanafunzi aliyejifunzia kwa waliolala peke yao anaweza kumaliza mafunzo bila kujua kama mkono wake unaumiza. Katika hospitali zetu nyingi za Afrika Mashariki kipimo cha tumbo hufanywa kwa ganzi ya koo peke yake, kwa sababu mtaalamu wa usingizi ni mmoja na chumba cha upasuaji kinamngoja. Hali hiyo haifai kuachwa hivyo, maana mwenye hofu kubwa, mtoto, na mwenye kazi ndefu ya kutolewa mawe kwenye mfereji wa nyongo wanastahili kulala. Lakini imezaa wauguzi wanaojua kumtuliza mtu kwa sauti, na madaktari ambao kila kosa la mkono wao hujibiwa papo hapo. Siku propofoli itakapokuwa ya kutosha kila mahali, ustadi huo usitupwe.

Mkono wa namna hiyo hautoki kwenye kitabu. Marekani, chama cha madaktari wa endoskopi, ASGE, kwa miaka mingi kilisema mwanafunzi afanye angalau vipimo 130 vya tumbo na 140 vya utumbo mpana ndipo mtu akae kumpima kama ameiva. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kwa utumbo mpana wengi huiva wakikaribia 275. Hesabu ile ya ASGE inahusu kuanza kupimwa, ubingwa uko mbele zaidi. Na wingi peke yake hautoshi, kwa kuwa mtu anaweza kurudia kosa moja mara 300. Anahitaji mwalimu, na kufundisha kazi hii ni ufundi wa pili juu ya ufundi. Wakati wa mipira ya nyuzi za kioo jicho la mmoja ndilo lililokaa kwenye tundu, mwalimu akibaki kukisia kinachoonekana. Mwaka 1983 kampuni ya Welch Allyn ilipoweka chipu ya kamera kwenye ncha na picha ikahamia kwenye skrini, chumba kizima kikaanza kuona kitu kimoja. Mwalimu sasa aliweza kusahihisha kwa mdomo.

Walimu bora hukubaliana na mwanafunzi maneno kabla ya kuanza. Ncha juu. Sokota kulia. Simama. Vuta. Fyonza. Hakuna "hivi" wala "kule," maana mwanafunzi aliyezidiwa hana nafasi kichwani ya kufasiri. Na wana subira ngumu kuliko zote, ya kuiacha mikono yao nyuma ya mgongo. Kuunyakua mpira ni rahisi, kipimo kinaisha mapema, na mwanafunzi anaondoka na kile alichokuja nacho. Bila shaka mgonjwa hafanywi daftari la mazoezi. Kwa hiyo mikono huanzia kwenye mashine za kuigiza na kwenye matumbo ya nguruwe yaliyotayarishwa maabara, na mgonjwa anapoumia au muda unapozidi, mwalimu anachukua, bila maneno makali.

Vyombo vipya vimekuja kwa wingi, na kila kimoja kimeomba mkono wake. Wolff na Shinya wa New York walipoanza mwaka 1969 kukata vivimbe vya utumbo mpana kwa kitanzi cha waya chenye umeme, kipimo kiligeuka tiba, na utafiti wa miaka ya baadaye ukathibitisha kwamba kuviondoa vivimbe hivyo huzuia saratani nyingi. Wajapani wakaja na visu vidogo vinavyopita ndani ya mpira na kuibandua saratani changa ya tumbo ikiwa kipande kimoja, tabaka kwa tabaka, kazi ya saa nzima au zaidi juu ya ukuta wenye unene wa milimita chache. Mwaka 2008 Haruhiro Inoue wa Yokohama alianza kupita chini ya ngozi ya umio, kama njia ya siri kati ya tabaka mbili, kwenda kuukata msuli uliokataa kulegea kwa wagonjwa ambao chakula hakikuwashuka. Kuna pia kitufe kinachobadilisha mwanga: badala ya mweupe hutoka wa buluu na kijani wa urefu wa mawimbi ambao damu huufyonza, mishipa midogo ikajichora kahawia, na eneo lenye mpangilio mbaya wa mishipa likajitenga na jirani zake.

Lakini mwanga wa aina gani utamsaidia anayekimbia? Mwaka 2006 Robert Barclay na wenzake wa Rockford, Illinois, walichapisha hesabu za madaktari 12 wa kundi moja. Waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi kuutoa mpira waligundua vivimbe vya hatari kwa asilimia 28.3 ya wagonjwa. Waliotoka haraka zaidi, asilimia 11.8. Kipimo kimoja, mji mmoja, na zaidi ya nusu ya wenye vivimbe wanapitwa kwa haraka ya kurudi. Wakati wa kuingia daktari hufika, wakati wa kutoka ndipo anapotazama: nyuma ya kila mkunjo, anasafisha mabaki, anarudia pembe iliyompita.

Siku hizi kuna akili mnemba inayotazama pamoja na daktari na kuchora kisanduku pale inapodhani pana kivimbe. Inasaidia, na sina ugomvi nayo. Ila mwaka 2025 utafiti kutoka vituo vinne vya Poland ulinigusa sana. Baada ya madaktari kuizoea mashine, walipofanya vipimo bila mashine kiwango chao cha kugundua vivimbe kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Macho ya watu wazoefu, wenye maelfu ya vipimo nyuma yao, yalikuwa yameanza kungoja kuonyeshwa. Mashine inunuliwe, na daktari aendelee kutazama kana kwamba haipo.

Na kipya si lazima kiwe ghali. Bomet, kwenye nyanda za juu za Kenya, ni sehemu ya ukanda wa Afrika Mashariki unaosumbuliwa sana na saratani ya umio. Katika hospitali ya Tenwek madaktari waliwapima watu 305 wa eneo hilo wasiokuwa na dalili yoyote, wakiumwagia umio iodini ya Lugol. Ngozi nzima hugeuka kahawia iliyokolea. Palipoanza kuharibika hapakubali rangi, panabaki doa la manjano, na kinyama kinachukuliwa hapohapo. Takriban watu 14 kwa kila 100 walikutwa na chembe zilizoanza kubadilika. Hospitali hiyohiyo imewasaidia wengi waliochelewa, ambao hata maji yalikuwa hayapiti, kwa kuwawekea bomba la waya linalotanuka ndani ya umio. Kwingine kazi hii huongozwa na eksirei. Tenwek waliifanya bila eksirei, kwa kupima sentimita kutoka kwenye meno hadi mwanzo na mwisho wa uvimbe na kuutazama ukingo wa juu kwa mpira wakati bomba linafunguka, na matokeo yao yakachapishwa katika jarida la The Lancet Oncology mwaka 2009. Mtu aliyekuwa akitema mate yake mwenyewe analala akiwa amekunywa uji.

Kanda ya Ziwa nako kuna ugonjwa wake. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka kwenye ini, damu hukosa njia, ikatafuta mishipa ya umio, mishipa ikavimba mpaka siku moja inapasuka. Utafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba mishipa hiyo ndiyo iliyoongoza kwa kuwatapisha watu damu. Tiba yake ni pete ndogo za mpira, mbinu aliyoianzisha Greg Stiegmann wa Denver katika miaka ya 1980. Ncha ya mpira huvalishwa kikofia chenye pete kadhaa. Daktari anausogelea mshipa, anaufyonza mpaka skrini nzima inakuwa nyekundu na haoni kitu, anazungusha kirungu kidogo, pete inadondoka na kuubana mshipa shingoni. Akifyonza nusunusu pete inateleza. Akichelewa, na mshipa unavuja, hakuna wa kumwambia ajaribu kesho. Katika kazi zote za mpira, hii ndiyo ambayo mgonjwa anaweza kuingia anakufa na kutoka anaishi.

Sitamaliza bila kumtaja mtu ambaye jina lake halionekani kwenye ripoti, anayeosha mipira. Mgonjwa akitoka tu, yeye anafuta nje kwa sabuni maalumu na kufyonza sabuni ndani kabla uchafu haujakauka. Kisha anaujaza mpira hewa na kuuzamisha majini kutazama kama kuna mapovu, maana tundu dogo kama la sindano linatosha kuingiza maji na kuua chombo. Anapitisha brashi ndefu kwenye kila njia mpaka itoke safi, anauloweka kwenye dawa kwa muda uliopangwa bila kupunguza hata dakika moja, anausuuza, anapuliza spiriti na hewa, anautundika ukauke umenyooka. Foleni nje ni ndefu, na kila mtu anamwambia afanye haraka. Mwaka 2015 hospitali kubwa za Marekani zilijikuta na maambukizi ya bakteria sugu kutoka kwenye mipira ya mfereji wa nyongo, ambayo ncha yake ina kipande kidogo kinachonyanyuka na kuficha uchafu nyuma yake. Tangu hapo zimetengenezwa hata za kutumia mara moja na kutupa. Kwetu mpira mmoja huhudumia watu wengi sana, na usalama wao wote umo mikononi mwa mtu huyu. Alipwe vizuri, afunzwe, na asiharakishwe.

Msomaji, ikiwa chakula kimeanza kukwama kifuani, ikiwa choo kimekuwa cheusi cha kunata, unatapika damu, au unakonda bila sababu, usizunguke na vidonge vya kupunguza asidi kutoka duka moja la dawa hadi jingine. Nenda ukaandikiwe kipimo. Usile chakula kwa saa 6 kabla yake, mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa za sukari na za kuzuia damu isigande, na uje na ndugu wa kukurudisha nyumbani kwa sababu ukipewa midazolamu hutaendesha gari wala pikipiki mpaka kesho yake. Na muuguzi akikuambia "meza," meza.